Siku moja kwenye wodi ya uboho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia zamu, nanawa mikono. Nikitaja kila mara ninaponawa, habari hii itakuwa ya sabuni tupu, kwa hiyo sirudii.

Hadi saa tatu ni makabidhiano, joto, presha, uzito, damu za maabara.

Saa nne ni zamu ya mzee wa chumba cha tatu. Watu wakisikia "kupandikiza uboho" huwaza kisu na mfupa. Kumbe ni kama kuongezewa damu. Juzi alipewa kemo kali iliyofyeka saratani pamoja na uboho wake; leo anarudishiwa seli shina zake mwenyewe, zile mbegu zinazozalisha damu mpya, zilizokuwa zimegandishwa kwenye nitrojeni. Mfuko unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37, kisha dripu. Chumba kinanuka kitunguu saumu: ni ile dawa iliyozilinda seli kwenye baridi, sasa inamtoka kwa pumzi. Baada ya nusu saa mfuko mtupu.

"Ndiyo imeisha?" anauliza, kama mtu aliyepunjwa.

Natoka, namkuta mlangoni kijana ana shada la maua na pua inachuruzika.

"Sista, dada yangu yuko chumba cha kwanza."

Namweleza: maua hubeba kuvu, na mafua hayaingii humu.

"Haya si mafua, ni vumbi." Anapiga chafya.

Namweleza tena. Anataka mkubwa wangu. Mkubwa anakuja, anasema yale yale, anaondoka, kijana bado yupo. Halafu anatoa turufu: "Mimi ndiye niliyemtolea seli! Zilizomo mwilini mwake ni zangu, zitanikataaje?"

Ni kweli ni zake. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana aina ya tishu, na yeye alilingana. "Ni zako, kaka, ila bado hazijashika, hazijaanza kutengeneza damu. Leo hana askari hata mmoja wa kupigana na hicho chafya chako."

Dakika arobaini zimekwenda. Sijala.

Mchana wote ni midomo yenye vidonda, matapishi, mashine za dripu zinazolia kwa zamu. Saa sijui ngapi maabara wanapiga simu: chumba cha kwanza, neutrofili, yaani wale askari, chembe nyeupe za damu, 100. Jana zilikuwa sifuri. Tunangoja zifike 500 siku tatu mfululizo, ndipo tuseme seli zimeshika.

Dada mtu hawezi kuongea kwa vidonda. Anaandika 100 kwenye chati ya ukutani, anaizungushia duara, ananionyesha simu yake: nimpige picha, amtumie kaka.