Nilivyojaza ramani tupu ya vilima vya Kigoma

Ramani iliyokuja ndani ya kifaa changu cha GPS ilikuwa na Ziwa Tanganyika, reli ya kati na barabara kubwa chache. Basi. Kutoka Mwandiga kupanda kuelekea Kalinzi, na kutoka juu ya ukingo kuteremka hadi ziwani, kote kulikuwa kweupe. Hakuna njia ya miguu, hakuna kijito, hakuna jina la kilima. Na huko ndiko mimi na wenzangu tunakotembea Jumamosi zetu.

Wengi wanaoniuliza kuhusu GPS ya mkononi hudhani ukishainunua kazi imekwisha: unaiwasha, inakuonyesha njia, unafuata. Huko Uingereza, ambako njia za milimani zimechorwa kwa kina miaka mingi, inawezekana. Kwetu kifaa kinakuambia ulipo tu. Njia unaitafuta mwenyewe kwa miguu na kwa kuuliza watu, halafu unakipa kifaa kikutunzie. Naeleza tulivyofanya kwa sababu naamini mtu yeyote wa Kigoma mwenye kifaa cha kawaida anaweza kufanya vivyo hivyo, na vilima vyetu vinastahili kazi hiyo.

Changu ni Garmin eTrex 30, cha mtumba. Simu yangu nayo ina GPS na siidharau. Inapokea setilaiti zilezile, tena bila mtandao wala bando, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Lakini simu ikirekodi njia kutwa nzima chaji inakwisha, kioo hakisomeki juani, na mvua ikinyesha vidole vilivyolowa havifungui kitu. Kifaa hiki kina vitufe vya kubonyeza na kinatumia betri mbili ndogo za AA, ambazo mtengenezaji anasema zinafika saa 25. Natumia za kuchaji, na jozi ya akiba iko kwenye mfuko wa nailoni siku zote. Kuna mahali kwenye menyu pa kuchagua aina ya betri. Usipochagua, alama ya chaji inakudanganya.

Kabla ya kupanda kokote nilitaka kifaa na ramani ya karatasi viseme kitu kimoja. Ramani ya serikali ya 1:50,000 ni ya zamani, lakini vilima, makorongo na mito havijahama, na mistari yake ya mwinuko ni mizuri kuliko chochote nilichoona kwenye kioo. Nikaenda nayo stesheni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na lile jengo la Wajerumani liko palepale, limechorwa kwenye ramani, na mbele yake pako wazi kabisa. Nikasimama pale, nikasubiri kifaa kitulie hadi kikasema kosa ni mita tatu, kisha nikalinganisha tarakimu.

Hazikukubaliana. Kwa upande wa mashariki na magharibi tofauti ilikuwa chini ya mita 100, lakini kwa kaskazini na kusini ilikaribia mita 300. Mjini mita 300 si kitu. Kwenye vilima vyetu, ambako mgongo wa kilima huweza kuwa na upana wa shamba moja la muhogo, mita 300 ni korongo la pili.

Jibu limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ramani: Arc 1960. Huo ndio msingi wa vipimo uliotumika kuchora ramani zetu za Afrika Mashariki, na umbo la dunia lililochukuliwa humo linaitwa Clarke 1880. GPS inatumia msingi mwingine, WGS 84, ambao unaanzia kwenye kitovu cha dunia. Sehemu ni moja, vipimo viwili, na vyote ni sahihi kwa msingi wake. Nikaingia kwenye mipangilio ya kifaa, nikatoa WGS 84, nikaweka Arc 1960, na bila mimi kusogeza mguu ile namba ya kaskazini ikaruka kwa karibu 300. Nikaweka rula kwenye ramani tena. Safari hii alama ya penseli ikakaa juu ya stesheni yenyewe, kwa kadiri penseli inavyoweza, maana milimita moja pale ni mita 50 ardhini.

Kama kuna jambo moja ningependa kila anayenunua kifaa hiki alifanye kabla ya kuvaa buti, ni hilo. Tafuta jengo la zamani lililo kwenye ramani, simama mbele yake, linganisha. Ukishamaliza kutumia karatasi, rudisha WGS 84, kwa sababu simu na ramani za intaneti zinasoma huo. Pointi ulizohifadhi haziharibiki, kinachobadilika ni namna zinavyoonyeshwa tu.

Jingine linalofanana na hilo ni namna ya kuandika digrii. Tunapotumiana pointi kwa simu, mmoja anaandika digrii na dakika, mwingine digrii na desimali. Kigoma mjini iko karibu digrii 4 na dakika 52 kusini. Ukiandika 4.52 umempeleka mwenzako kilomita 38 kaskazini, kupita hata Hifadhi ya Gombe, karibu na mpaka wa Burundi. Kikundi chetu kimekubaliana namna moja, na kila kifaa na simu imewekwa hivyo.

Sasa kutembea kwenyewe. Kanuni yetu ni kupiga pointi kwenye kila panda ya njia, hata kama siku hiyo tunafuata tawi moja tu. Kifaa kinarekodi mstari wa tulikopita chenyewe, lakini mstari haukuambii kwamba pale kwenye mchikichi uliokatwa kichwa kulikuwa na njia nyingine inayoshuka. Pointi inakuambia. Tunasimama, kifaa kinashikwa wazi mkononi, antena ikitazama juu, tunangoja namba ya kosa ishuke chini ya mita tano, ndipo tunabonyeza. Halafu jina. Kifaa kinapendekeza namba 001, 002 na kuendelea, na hapo watu wengi wanaacha. Sisi tunaandika jina hapohapo, lile ambalo wenyeji wanalitumia, kwa sababu jioni nyumbani 014 haina maana kwa mtu yeyote.

Mabondeni kazi inakuwa ngumu. Kifaa kinahitaji angalau setilaiti nne ili kipate mahali, mwinuko na saa sahihi, na setilaiti hizo ziko kilomita 20,000 hivi juu yetu, kwa hiyo mawimbi yanafika yakiwa dhaifu sana. Kwenye korongo lenye kuta pande zote na miti mikubwa ya kando ya kijito, mengine yanazuiwa na mengine yanagonga mwamba kwanza ndipo yafike, na kosa linapanda hadi mita 15 au 20. Ukitazama mstari uliorekodiwa humo unaona unayumba kutoka ukingo huu hadi ule. Kwa hiyo pointi za mabondeni tunazipiga kwa subira, tukitumia uwezo wa kifaa wa kuchukua wastani wa vipimo vingi, na kifaa kinakaa kwenye mkanda wa begi begani. Mfukoni mwa suruali hakifai.

Mwinuko nao una ujanja wake, na hapa Kigoma tumebahatika. eTrex 30 inapima mwinuko kwa kanieneo ya hewa, na kanieneo hubadilika hali ya hewa ikibadilika, kwa hiyo asubuhi lazima uiambie uko wapi. Sisi tunaye mpimaji mkubwa mlangoni: ziwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, hata baada ya maji kupanda miaka hii ya karibuni. Tukianzia Kibirizi, ninasimama karibu na maji ninaweka mwinuko huo, na kwa siku nzima mistari ya ramani na kifaa vinakwenda pamoja vizuri. Kwenye mteremko wenye ukungu, mwinuko ukichanganya na kijito unachokisikia chini yako unatosha kukuonyesha ulipo kwenye karatasi.

Nimetaja ukungu, lakini kwetu kinachoficha njia zaidi ni moshi. Masika, mvua ikishakatika, unaona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa wazi kabisa, na ziwa lenyewe ni dira. Kiangazi, nyasi zikianza kuchomwa, ziwa linapotea. Siku moja ya Agosti tulikuwa juu ya ukingo, njia tuliyopandia imeungua pamoja na nyasi zake, ardhi yote nyeusi, na kila mmoja anaonyesha upande wake. Nikaleta mstari wetu wa asubuhi kwenye kioo. Mshale wa kuelekea pointi ya karibu ulisema mita 600 tu, kushoto. Lakini mshale unakwenda moja kwa moja, haujui korongo, na kati yetu na pointi ile kulikuwa na mteremko ambao mbuzi angesita. Mstari ulisema tulizungukia kulia, juu, kando ya mwamba. Tukafuata mstari, na baada ya muda tukakanyaga njia yetu pale moto ulipoishia. Tangu hapo vijana wa kikundi nawafundisha mstari kabla ya mshale.

Dira ya ndani pia ni ya kuangaliwa. Kila ukibadili betri, kizungushe kifaa polepole kama kinavyoelekeza, la sivyo kinakuonyesha kaskazini isiyo yake. Na dira ya kawaida, ya sindano, haikosi kwenye begi langu.

Watu ndio sehemu kubwa ya kazi hii. Mtu akionekana kilimani na kifaa mkononi, akisimama na kuandika, wenyeji wanajiuliza, na wana haki. Ardhi imeleta maneno mengi. Tukiingia kijijini tunapita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, tunasaini kitabu cha wageni, tunamweleza mwenyekiti au mtendaji. Hata hivyo njiani utaulizwa. Mzee mmoja juu ya Mwandiga alitukuta kwenye panda, sisi tumesimama tukingoja kosa lishuke. Tulimwamkia "Mwakeye", akaitikia, halafu akatazama kifaa.

"Wanangu, mnapima mpaka wa nani?"

"Hatupimi mpaka, mzee wetu. Tunatembea. Hiki kinatukumbusha njia ya kurudia."

"Waliopima mpaka nao walisema wanatembea."

Nikampa akishike. Nikamwomba atembee hatua chache kuelekea mgombani kwake na arudi, akaona kile kialama cha pembetatu kikisogea naye na mstari ukijichora nyuma yake. Alirudia mara ya pili. Kisha akatuambia njia tuliyokuwa tunaitaka imefungwa na shamba jipya, akatupeleka mwenyewe kwa njia nyingine hadi kwenye chemchemi, akatutajia jina lake na la kilima kilicho juu yake. Tulipopita penye makaburi ya ukoo alisimama akaniambia, "Maji weka, watu wanakunywa. Hapa usiweke." Sikuweka.

Nimelishika neno lake. Chemchemi, madaraja ya magogo, panda za njia na mahali pa kupumzikia ninavipeleka OpenStreetMap, ramani ya intaneti inayochorwa na watu wa kujitolea, ambako yeyote anaweza kuvitumia bure, nami navipakua tena kama ramani na kuviweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kifaa. Yale meupe yameanza kupata mistari. Lakini mahali ambapo mwenyeji amesema pasiwekwe hapaendi popote, hata kwenye kifaa changu. Nimechora pia mpaka wa Gombe kwa mstari mnene, kwa kuwa hifadhi ile, tangu ilipotangazwa mwaka 1968, si mahali pa kujiingilia kutoka juu ya ukingo. Anayetaka kutembea ndani aingie kwa kibali na mwongozaji.

Faili za safari nazihifadhi nyumbani jioni ileile, nikiondoa kipande cha mwisho tulichopanda daladala, pale uchovu uliponisahaulisha kuzima kurekodi. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa ramani isijae njia za miguu zinazokwenda mwendo wa gari.

Kiangazi kijacho tunataka kwenda upande wa Kasulu. Huko kuna jambo jipya la kujiandaa: mstari wa longitudo 30 unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu, na mstari huo unagawa kanda mbili za UTM, mfumo wa gridi unaotaja mahali kwa mita za mashariki na za kaskazini. Kigoma mjini ni 35 M, Kasulu ni 36 M. Ukivuka, namba ya mashariki inadondoka kutoka karibu 833,000 hadi karibu 167,000 kwa hatua moja, bila kifaa kuwa na hitilafu yoyote. Nimewaambia wenzangu kuanzia sasa kila pointi inayoandikwa kwenye daftari ianze na kanda, ndipo tarakimu zifuate, na karatasi mbili za ramani za mpakani nimeshazibandika pamoja kwa selotepu.