Nilivyoitoa Mtunya kwenye flopi iliyogoma kusoma

Baba mdogo alilishika lile kopo kifuani tangu aliposhuka kwenye daladala mpaka mlangoni kwangu, Nkuhungu, Dodoma. Lilikuwa kopo la bati lililowahi kuwekwa mafuta ya alizeti, na harufu ilikuwa bado imo. Ndani mlikuwa na flopi tatu, zile diski za zamani za kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Mbili vibandiko vyake vimefutika. Ya tatu ilikuwa na mwandiko wa marehemu baba: MTUNYA.

Mtu wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, hahitaji kuelezwa neno hilo. Kwa wengine: ni ile njaa ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kukomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma. Baba alikuwa mwalimu. Alipostaafu alizunguka Mvumi, Bahi na Chamwino na redio kaseti, akiwahoji wazee waliokuwa watoto wakati ule. Mwaka 1999 akayachapa yote. Kaseti zenyewe wadogo zangu walishazirekodia kwaya zamani, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa ndani ya kile kiplastiki cheusi.

Baba mdogo alikuwa ameshapita kwa fundi mmoja mjini. Kompyuta ikasema diski haijafomatiwa, je, ifomatiwe? Fundi mkono uko kwenye mausi tayari. Baba mdogo akamuuliza kufomati ndiyo kufanyaje. "Kuisafisha tu, mzee." Neno "kusafisha" halikumkaa vizuri, akaichomoa flopi yake akaondoka. Alikuwa sahihi kuliko fundi, maana flopi ikifomatiwa kikamilifu kila sekta, yaani kila kijisehemu cha diski, huandikwa upya. Ujumbe ule hausemi kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kusoma mwanzo wake, basi.

Sasa nikiri kosa langu. Nilisogeza kile kidude cha pembeni ili tundu libaki wazi, kusiandikwe kitu. Hapo nilifanya vizuri. Kisha nikaichomeka flopi moja kwa moja kwenye kisomeo cha USB nilichoazima, bila hata kukisogeza kile kibati kinachofunika tundu la kusomea ili nione hali ya ndani. Ikaguna krrr, krrr, krrr. Nikaiacha ijaribu, nikijiambia labda itashika. Niliposogeza kibati baadaye nikaona nilichofanya. Sahani, ile plastiki ya duara iliyo ndani, ilikuwa na utando wa mafuta, na juu ya mafuta vumbi letu jekundu limeganda. Kichwa cha kusomea kilikuwa kimelibeba vumbi lile na kulisugua mahali pamoja. Upande wa chini, ukingoni kabisa, palikuwa na duara jembamba linalong'aa, limekwanguliwa hadi plastiki.

Ukingoni ndiko flopi inakoanzia, na kisomeo kinaposhindwa kuelewa diski hukaa hapohapo kikirudia. Kuanzia siku hiyo kile kisomeo cha USB hakikukubali hata kwamba kuna diski ndani.

Usafishaji nilipaswa kuuanza mapema. Nilinunua isopropili kwa mafundi simu pale Majengo, ile wanayosafishia bodi za simu zilizoingia maji. Nikafungua ganda kwa wembe taratibu, nikaitoa sahani, nikaifuta pande zote mbili kwa vijiti vya pamba, kutoka katikati kwenda nje, kila kijiti mara moja na kukitupa. Nikaiacha ikauke yenyewe, dirisha limefungwa. Agosti Dodoma ukifungua dirisha umerudi ulikotoka. Ganda la zamani sikulirudia, kwa sababu kile kitambaa laini cha ndani kilikuwa kimenyonya mafuta. Nilichinja flopi nyingine mpya isiyo na kitu, nikaihamishia sahani ya baba kwenye ganda lake, nikaziba kwa gundi ya karatasi. Kichwa cha kisomeo nacho nikakisafisha, la sivyo kingekwangua tena.

Rafiki yangu mwenye steshenari alikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani stoo, yenye kisomeo cha flopi cha ndani, kile cha waya mpana bapa. Hiki kilinifaa zaidi kuliko cha USB kwa sababu moja: ukiiwasha kompyuta kwa CD ya Linux unaweza kukiambia mapema kwamba diski ni ya megabaiti 1.44, kwa jina la fd0u1440, kisianze kubahatisha. Nikaendesha programu ya ddrescue. Yenyewe haifungui faili lolote. Inanakili diski nzima sekta kwa sekta kwenda faili moja, inaruka palipokufa, kisha inarudi kupajaribu tena. Flopi ina sekta 2880, kila moja baiti 512. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi zilibaki 22 zilizogoma: 4 katikati, na 18 za mwanzo kabisa, yaani duara lote nililolikwangua.

Zile 18 ziliniumiza, maana ndimo ilimokuwa ramani ya diski, ile jedwali inayosema kipande kipi cha faili kinafuatiwa na kipi. Jedwali hilo huandikwa mara mbili kwa usalama, ila nakala ya pili wameiweka ubavuni mwa ya kwanza. Ni kama kuficha ufunguo wa akiba kwenye mfuko uleule wa suruali. Zote mbili zilikwenda, ikasalia sekta moja tu ya nakala ya pili.

Lakini orodha ya majina ya faili huanzia sekta ya 19 (hesabu huanzia sifuri), na sekta hizo ziko upande wa juu wa sahani, ambao haukuguswa. Nikaifungua ile nakala ya diski kwa programu ya kuonyesha baiti, na pale nikayaona: MTUNYA.DOC, WAZEE.DOC, NYIMBO.DOC. Kila jina lina baiti 32, na ndani yake mna ukubwa wa faili na namba ya kipande cha kwanza. MTUNYA ilianzia kipande cha 2, ukubwa baiti 187,392. Gawanya kwa 512, maana hapa kipande kimoja ni sekta moja, unapata 366 kamili. Kama faili haikukatwakatwa, inaishia kipande cha 367. Nikatazama WAZEE inaanzia wapi: 368. Nilipiga meza, mke wangu akadhani nimeua nyoka.

Kwenye flopi kama hii kipande cha 2 ndicho sekta ya 33. Kwa hiyo niliiambia dd, amri ya kunakili, iruke sekta 33, ichukue 366, ihifadhi. Baiti za kwanza zikawa D0 CF 11 E0, alama ya hati za Word za wakati ule. Programu ya LibreOffice ikaifungua bila kelele, kurasa sitini na kitu. WAZEE ikatoka vilevile.

NYIMBO ndiyo iliyokaliwa na zile sekta 4 mbovu, ikakataa kufunguka. Niliichuja kwa amri ya strings inayotoa maandishi tu, nikapata maneno yote isipokuwa pengo moja, katikati ya wimbo wa mama anayemwita mtoto wake aliyekwenda kutafuta mizizi porini.

Nikachapisha nakala tano, nikaenda Mvumi kwa shangazi, dada yake baba, miaka themanini na ushee. "Mbukwa, shangazi," nikakaa, nikamsomea mpaka kwenye pengo. Nikamwambia hapa diski imekufa. Akanitazama.

"Rudia mstari wa juu yake."

Nikarudia.

"Baba yako alikosea hapo. Hiyo siyo mizizi, ni mboga. Andika."

Nikatoa kalamu.