Siku Tulipovuka Darajani

Nilikuwa sijawahi kumlipa mtu anitembeze mjini Unguja. Nimezaliwa mitaa ya Ng'ambo, na vichochoro vya Sokomuhogo na Kiponda nimevipita tangu nikitumwa dukani na vyuoni. Lakini Julai 2019 alikuja mtoto wa shangazi yangu kutoka Mombasa, akataka aelezwe Mji Mkongwe na mtu anayeujua. "Wewe dada utanionesha unaponunua mkate tu," aliniambia. Alisema kweli. Tukaulizia, tukapata mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa kibarua wa mafundi chokaa.

Tulikutana Forodhani saa mbili asubuhi, kusi linavuma. Nilidhani ataanzia Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na wakati ule bado imesimama. (Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Mpaka leo nikipita pale moyo hunishuka.) Yeye akatupeleka Shangani, kwenye ukuta uliobanduka, akasema, "Wanangu, wekeni mikono hapa."

Mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, basi. Juu zimelala boriti za mikoko, moja kando ya mwenziwe. "Boriti ndiyo iliyoupima mji huu," alisema. Chumba unaweza kukirefusha utakavyo, ila upana wake haupiti urefu wa boriti. Nikazikumbuka nyumba zote nilizowahi kuingia Mji Mkongwe, kwenye maziko na maharusi, vyumba vyake virefu vyembamba ambamo mikeka hutandikwa kwa safu. Miaka yote hiyo nilikuwa nakaa ndani ya urefu wa mti na sikujua.

Mzee akagusa kiraka cha saruji kilichopigwa juu ya chokaa. "Chokaa inapumua. Saruji inayafungia maji ndani, ukuta unaoza na nje unauona mzima." Alikishika kile kiraka kama mtu anayempima homa mtoto. Nilimpenda pale pale.

Kwenye milango hatukukaa sana, ingawa mgeni wangu angeshinda huko siku nzima. Alituonesha iliyonyooka juu, ya Kiarabu, na yenye tao, ya Kihindi. Halafu akauliza ule mti wa katikati unaopokea mbao mbili unaitwaje. "Mfaa," akajibu mtoto wa shangazi upesi, kumbe nyumbani kwao Mombasa walikuwa nao. Mzee akacheka kwa furaha.

Mkunazini alisema machache. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Barghash alipotia saini kwa kubanwa na Waingereza, na kanisa la Waanglikana likajengwa pale pale. Alituacha tukae. Mwenzangu alilia, nami sikumnyamazisha.

Kutoka hapo tukashuka mpaka soko la Darajani, la mwaka 1904. Hapa ndipo wageni huagwa, nikaanza kutafuta pesa mkobani. Mzee akasema, "Bado. Tunavuka."

Akasimama ukingoni mwa barabara, magari yanapita, akatuuliza daraja liko wapi. Nimesema "nakwenda Darajani" maelfu ya mara na sijawahi kulitafuta daraja. Akatueleza kwamba pale palikuwa na maji, mkono wa bahari ukijaa na kupwa, na mji wa mawe ukiwa upande huu. Waliokuwa upande wa pili walikuwa ng'ambo. Maji yalifukiwa, majina yakabaki.

Tukapita Mchangani, tukaingia ndani zaidi. Mzee alisimulia habari za huku kwa uzito ule ule aliosimulia nao za Shangani. Alieleza jinsi mtu alivyomiliki nyumba yake ya udongo na makuti huku kiwanja ni cha mwingine, na jinsi watu wa Ng'ambo walivyogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Mwaka huo huo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuja kuimba Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi sauti yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Sikuwahi kumsikia mtu akiwaeleza wageni habari zetu.

Tulipofika Michenzani, kwenye majumba marefu yaliyojengwa enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, alisema nyumba nyingi zilibomolewa kuyapisha. Nikamwambia, "Mzee, moja ilikuwa ya bibi yangu."

Akageuka. "Wapi?"

Mimi sikuiona nyumba ile, ilibomolewa sijazaliwa. Lakini bibi alinileta pale nikiwa na miaka saba, akanishika mkono kutoka kwenye mwembe uliobaki, tukahesabu hatua. Akanambia hapa ni baraza, hapa ukumbi, huku uani kwenye kisima. Nyumba mpya aliyopewa aliishukuru. Kisima tu ndicho alichokililia.

Nikawaongoza mpaka kwenye ule mwembe. Nikahesabu hatua kumi na nne, tukasimama penye kamba za kuanikia nguo.

"Bibi yako akiitwa nani?" mzee aliuliza. Nikamtajia. Akalirudia jina mara mbili, polepole, kisha akarudi mwembeni na kuanza kuhesabu hatua mwenyewe.