Rilei inalia "tak" lakini feni ya rejeta haizunguki
Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya pini nne ikilia "tak", ujue tu kwamba koili (waya uliozungushwa unaovuta swichi) ni nzima; kontakti (vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) bado hujui. Nilipima pini 85 na 86, za koili: omu 80, sawa kabisa (nyingi huwa 50 hadi 120). Nikazipa volti 12, nikapima pini 30 na 87, za kontakti: omu 0.6. Inaonekana ndogo, kumbe kwa feni inayovuta ampea nyingi inatosha kuinyima nguvu.

Kipimo cha kuamini ni kuipa mzigo. Nilipitisha umeme wa balbu ya wati 55 kwenye 30 na 87. Zikapotea volti 2.5, wakati hazitakiwi kuzidi 0.2. Kontakti zilikuwa zimeungua. Niliweka rilei mpya ya ampea 40, feni ikazunguka. Rilei yenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), usigeuze chanya na hasi za koili: utaiunguza dayodi.