Mbegu za hoho zilipogoma kuota sebuleni kwangu Kiseke

Mwishoni mwa Juni mwaka jana nilisia mbegu za pilipili hoho, aina ya California Wonder, katika trei mbili zenye matundu 128 kila moja. Niliziweka ndani, sebuleni kwangu Kiseke, hapa Mwanza, kwa sababu uwanja wetu ni wa wapangaji watano wenye kuku wanaojitafutia chakula, na mwaka uliotangulia sisimizi walikuwa wamenibebea mbegu nyingi za nyanya kutoka kwenye kitalu cha nje. Nilihitaji miche iwe tayari kwa ajili ya kishamba changu cha robo ekari huko Igombe, ambako ninamwagilia kwa maji ya Ziwa Victoria, ili nianze kuvuna kabla soko halijajaa hoho za wakulima wengine. Baada ya siku 21 nilihesabu miche 31 katika matundu 256, yaani miche 12 kwa kila mbegu 100.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda dukani kumlalamikia muuzaji kwamba ameniuzia mbegu zilizokufa. Alinisikiliza kwa upole, akanionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti, ambayo ilikuwa bado mbali, akanishauri ninunue pakiti nyingine. Nilirudi nyumbani na hasira zangu nikamkuta jirani yangu, mama mtu mzima mwenye asili ya Magu ambaye amekuwa akiuza miche ya mboga kwa miaka mingi, nikamweleza yote.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Lakini kabla hujamlaumu mwenzio, umezifukua ukaziangalia?”

“Hapana, mama. Sijazifukua.”

“Basi fukua kwanza. Mbegu isiyoota huwa inasema imepatwa na nini, ila inasemea huko huko chini.”

Niliketi mlangoni penye mwanga nikiwa na kijiti cha kuchokolea meno na sahani nyeupe, nikafukua matundu 40 ambayo hayakuwa na mche, moja baada ya jingine. Mbegu ya hoho ni bapa, ya rangi ya maziwa, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, kwa hiyo kazi hiyo ilinichukua karibu saa mbili. Matatu kati ya matundu hayo sikupata kitu ndani yake. Katika matundu 19 nilipata mbegu zilizolainika, ambazo nilipozibana kwa kucha zilitoa ute mzito wenye harufu ya kuoza, na ganda likabaki mkononi kama kikaratasi. Mbegu nyingine 8 zilikuwa zimevimba lakini bado ni imara, na nilipozipasua ndani yake palikuwa peupe na pakavu kiasi, dalili kwamba zilikuwa hai na bado zinasubiri. Zilizonishangaza ni 10 zilizobaki. Hizo zilikuwa zimekwisha kuota. Kila moja ilikuwa imetoa kijimzizi cha urefu wa punje ya mchele, lakini ncha ya kijimzizi hicho ilikuwa ya kahawia, kana kwamba imeguswa na kijiti cha kiberiti kinachowaka, na ukuaji ulikuwa umeishia hapo.

Sahani ile ilinifundisha mengi kuliko safari yangu ya dukani. Sikupata hata mbegu moja iliyokuwa kavu na ngumu kama ilivyotoka kwenye pakiti, kwa hiyo tatizo halikuwa uhaba wa maji. Mbegu zilizooza zilinionyesha kwamba maji yalizidi au hewa ilikosekana, zile zilizovimba na kusubiri zilinifanya nishuku baridi, na ncha zilizoungua zilinirudisha kwenye samadi niliyokuwa nimechanganya. Hata hivyo bado sikuwa na haki ya kuiondolea mbegu lawama, kwa sababu mbegu dhaifu nayo huoza upesi.

Ndipo nikaipima mbegu peke yake, mbali na udongo. Nilihesabu mbegu 20 kutoka pakiti ile ile, nikazipanga juu ya karatasi laini ya chooni iliyokunjwa mara nne na kuloweshwa, nikaifinya karatasi ili maji yasituame, kisha nikaiweka ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko na kulikalisha juu ya friji, upande wa nyuma ambako joto hutoka. Kila asubuhi nilifunua kwa dakika moja ili hewa ibadilike. Siku ya sita mbegu 5 zilitoa mzizi, na kufikia siku ya kumi zilikuwa 18. Mbegu zenye uwezo wa kuota 18 katika kila 20 haziwezi kuitwa zimekufa. Nilirudi dukani kumwomba radhi yule muuzaji, naye alinipokea vizuri.

Baada ya hapo nilianza kuchunguza vitu ambavyo nilivifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Udongo niliotumia ulikuwa ule mweusi wa mbugani. Nilikuwa nimeuchagua kwa sababu ya rangi yake, nikiamini kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Unafaa kwa mpunga, lakini ndani ya tundu dogo la trei ni adui wa mbegu, kwa kuwa ukilowa huvimba na kuziba vinjia vyote vya hewa, na ukikauka huganda juu kama kigae. Mbegu inayoota inapumua, na pasipo hewa hufa maji hata kama kina chake ni sentimita moja tu. Samadi nayo niliichota kwenye zizi la ng’ombe ikiwa na umri wa wiki tatu hivi, ingali na harufu kali inayowasha pua. Harufu hiyo ni amonia, na amonia pamoja na chumvi za samadi mbichi ndivyo huunguza mzizi mchanga. Zaidi ya hayo nilikuwa nimezididimiza mbegu kwa kidole hadi kina cha sentimita mbili na nusu, wakati mbegu ndogo kama hii inatosha kufunikwa kwa udongo wa nusu sentimita au unaozidi hapo kidogo.

Kuhusu baridi, kwanza nilikataa kuamini. Mwanza ipo chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na watu wengi, mimi nikiwamo, huona ni mji wa joto mwaka mzima. Tunachosahau ni kwamba uso wa ziwa lenyewe upo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwamba katika miezi ya Juni na Julai anga huwa jeupe usiku, hivyo joto la mchana hupotea upesi. Niliazima kipimajoto kwa mwalimu mmoja wa jirani, nikakichomeka kwenye udongo wa trei iliyokuwa sakafuni. Saa 12 asubuhi kilisoma nyuzijoto 18, na saa 9 alasiri kilifika 24 tu. Sakafu ya saruji hunyonya joto, udongo uliolowa nao hupoa kila maji yanapogeuka mvuke, na dirisha langu la upande wa ziwa nilikuwa nikiliacha wazi mchana kutwa upepo upite. Hoho hupenda udongo wa nyuzijoto kati ya 25 na 30, ambapo huchomoza kwa siku 8 hivi. Katika nyuzijoto 20 huchukua karibu siku 13, na katika 15 zinaweza kufika siku 25. Mbegu inayokaa siku nyingi namna hiyo ndani ya tope huwapa kuvu muda wa kutosha kuila.

Sasa nilikuwa na washukiwa wawili wakubwa, udongo na baridi, na nilijua kwamba nikibadili vyote kwa pamoja nisingeweza kutambua ni kipi kilichoniponza. Kwa hiyo nilichukua makopo manne ya plastiki, nikayatoboa chini na kusia mbegu 20 katika kila moja, zote kwa kina cha nusu sentimita. Mawili niliyajaza udongo wangu wa zamani. Mawili niliyajaza mchanganyiko mpya: sehemu mbili za udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, sehemu moja ya samadi iliyokaa zaidi ya miezi sita na kupoteza harufu, na sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi yakawa mkaa mweusi, vyote vikiwa vimechekechwa. Kopo moja la kila udongo nililiacha sakafuni, na jingine nikaliweka ndani ya boksi la karatasi juu ya meza, ambamo kila usiku nilitia chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, nikalifunika boksi kwa kanga ya zamani. Kipimajoto humo kilisoma 24 alfajiri na 28 alasiri.

Siku ya 17 nilihesabu. Udongo wa zamani sakafuni ulitoa miche 2, na udongo huo huo ndani ya boksi ulitoa 7. Mchanganyiko mpya sakafuni ulitoa 11, ingawa wa kwanza ulichomoza siku ya 13. Mchanganyiko mpya ndani ya boksi ulikuwa umetoa miche 18 tangu siku ya tisa, sawasawa na zile za kwenye karatasi. Kabla ya jaribio hili ningeapa kwamba baridi ndiyo kosa kuu, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa nimelipima kwa kifaa. Makopo yalionyesha kwamba udongo ulikuwa umeniharibia zaidi, na kwamba joto peke yake lisingeniokoa. Kina cha mbegu sikukijaribu peke yake, kwa hiyo sikukipa sehemu katika hesabu hiyo, lakini tangu siku ile sijazamisha mbegu ya hoho zaidi ya sentimita moja.

Katikati ya Agosti nilisia upya trei zote mbili. Mchanganyiko niliumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe usiku mzima, ili kupunguza vimelea. Nilipoukamata kiganjani na kuufinya ulishikamana, ukatoa tone moja, kisha ukavunjika nilipougusa kwa kidole, na hicho ndicho kipimo changu cha unyevu hadi leo. Niliacha kabisa kumwagilia kutoka juu, kwa kuwa maji ya juu huzihamisha mbegu na kuugandamiza udongo. Badala yake huikalisha trei ndani ya karai lenye maji kidogo kwa dakika 20, hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha naitoa na kuiinamisha ichuruzike.

Asubuhi ya siku ya nane nilifunua kanga nikaona shingo za kijani zimepinda kama ndoana, vichwa vikiwa bado vimeshikwa na udongo. Kufikia siku ya kumi ilikuwa imeota miche 221 katika matundu 256. Wakati huo uangalizi unahitajika zaidi, kwa sababu boksi lililozisaidia mbegu hugeuka kuwa hatari kwa miche. Trei ya kwanza niliihamishia dirishani siku hiyo hiyo. Ya pili niliiacha imefunikwa siku mbili zaidi, nikidhani ninaisubiri mbegu iliyochelewa, na nikavuna hasara mara mbili: miche ilirefuka na kuwa myembamba kama uzi ikitafuta mwanga, na kona moja ikashikwa na kinyausi, ambapo shina hunywea pale linapogusana na udongo na mche huanguka ukiwa bado wa kijani. Nilipoteza miche 14. Niliing’oa yote pamoja na udongo wa matundu yake, nikaacha juu ya udongo pakauke kidogo, nikafungua dirisha ili hewa ipite, na ugonjwa haukuendelea. Miche 207 iliyobaki niliipeleka Igombe katika wiki ya mwisho ya Septemba.

Kontena la juu ya friji halijapumzika tangu wakati huo. Mwezi wa Machi nililitumia kupima pakiti ya vitunguu iliyokuwa imekaa kabatini miaka mitatu, na mbegu 3 tu kati ya 20 ziliota. Safari hii kosa lilikuwa la mbegu kweli, kwa maana mbegu ya kitunguu huzeeka upesi, hasa katika hewa yenye unyevu kama yetu ya kando ya ziwa. Nilizifukia zilizobaki, sikuwapa kuku, kwa sababu zilikuwa zimepakwa dawa ya rangi ya waridi. Pakiti nilizo nazo sasa nimezifungia ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, mahali penye kivuli mbali na jiko. Jumapili iliyopita yule mama wa Magu aliniletea mbegu 20 za bilinganya alizozikausha mwenyewe, akitaka tuzipime kabla hajasia kitalu kizima, na leo asubuhi, siku ya tano, 4 zimekwisha kutoa mzizi.