Neri: baba mdogo wa Sauli au babu yake?

Somo la ukoo wa Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, hukwama palepale: kwa Neri. Katika vikundi vya Biblia hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Katubuka, mmoja hufungua 1 Samweli 14:50-51 akamkuta Neri katika kizazi kimoja na Kishi, baba yake Sauli. Mwenzake yuko 1 Mambo ya Nyakati 8:33, na huko Neri ndiye aliyemzaa Kishi. Ubishi unakula saa nzima, na Abneri mwana wa Neri, mwenye habari yenyewe, hafikiwi.

Msianzie Nyakati. Someni 1 Samweli 9:1 pamoja na 14:51, kisha andikeni Abieli juu ubaoni, Kishi na Neri chini yake kwa mstari mmoja, Sauli chini ya Kishi, Abneri chini ya Neri. Majina matano yanatosha. Serori, Bekorathi na Afia, mababu wa juu zaidi katika 9:1, wabaki daftarini.

Ndipo mwende Nyakati, ila msiishie sura ya 8. Katika 9:36 Kishi na Neri wametajwa pamoja kuwa wana wa Yeieli wa Gibeoni. Mistari mitatu mbele, Neri anamzaa Kishi. Wengi hutatua kwa kuhesabu Kishi wawili, wa kwanza ndugu yake Neri, wa pili mwanawe. Si ajabu, hata kwetu mtoto hupewa jina la baba yake mkubwa. Kwa hesabu hiyo Neri ni babu yake Sauli, na baba mdogo ni Abneri mwenyewe. Kiebrania cha 14:50 kinakubali njia zote mbili, kwa kuwa hilo neno la baba mdogo laweza kumwangukia Neri au Abneri. Naegemea upande wa Samweli, maana 14:51 inamweka Neri chini ya Abieli bila kuzunguka.

(Neri wa Luka 3:27, baba yake Shealtieli, ni mtu mwingine wa karne nyingi baadaye. Msimchore humo.)

Mchoro ukikaa sawa, Abneri anaeleweka. Mtoto wa baba mdogo kwetu ni ndugu tu, na ndivyo Sauli alivyomweka: jemadari wa jeshi, tena akiketi ubavuni pake mezani (1 Samweli 20:25). Sauli na wanawe watatu walipokufa Gilboa, Abneri ndiye aliyemvusha Ishboshethi, mwana wa Sauli aliyesalia, hadi Mahanaimu, ng'ambo ya Yordani, na kumtawaza. Mfalme huyo alikuwa na miaka 40, akatawala miwili, na alimwogopa Abneri kiasi cha kushindwa kumjibu. Ugomvi wao, Ishboshethi alipomshutumu Abneri kwa kumwingilia Rispa, suria wa Sauli, husomwa vibaya kama habari ya mapenzi. Kumchukua suria wa mfalme kulikuwa kunusa kiti chake, na aliyeshukiwa alikuwa wa ukoo uleule.

Abneri akageukia kwa Daudi, akaenda Hebroni na watu 20. Walipatana, lakini Yoabu, jemadari wa Daudi, akamwua langoni kulipiza damu ya nduguye Asaheli, aliyeuawa na Abneri vitani. Daudi akamzika hapohapo Hebroni, na baadaye kichwa cha Ishboshethi kikazikwa katika kaburi hilo.

Nyumba ya Neri haikuishia hapo. 1 Mambo ya Nyakati 27:21 inamtaja mkuu wa Benyamini chini ya Daudi: Yaasieli, mwana wa Abneri. Sioni haja ya kumtafutia Abneri mwingine.