Herufi yenye kofia

Jana jioni mtoto wa kaka yangu, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu, aliniletea kitabu chake cha kusoma akiwa ameweka kidole juu ya neno “baba”. “Shangazi, hii a wameikosea,” alisema. “Mwalimu anasema a ni duara na kijiti, lakini hii ina kofia.” Nilitaka kumjibu haraka kwamba zote ni sawa, nikajikuta nimenyamaza, kwa kuwa miaka yote hii nimekuwa nikisoma a yenye kofia na kuandika isiyo nayo, bila kujiuliza hata siku moja ni lini nilikubali kwamba hizo mbili ni herufi moja.

Nasi Waswahili herufi hiyo hatuna pa kuikwepea: neno “akawaandalia” lina herufi 12, na 6 kati yake ni a.

Maumbo yote mawili yalianza kwa kalamu. Lile la kofia linatokana na mwandiko wa vitabu wa wanazuoni wa Italia wa karne ya 15, waliouiga kutoka nakala za kale zenye mwandiko ulioanza enzi za Charlemagne, mfalme wa Wafaranki. La duara ni la mwandiko wao wa haraka, ambao Francesco Griffo aliuchongea herufi za chapa kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, na mwaka 1501 mashairi ya Virgil yakachapwa kwa herufi hizo. Huko ndiko yalikotoka maandishi ya mlazo, na ndiyo maana ukiyalaza maneno ya Times New Roman kwenye kompyuta, a huvua kofia yake papo hapo.

Kuhusu g ya vitabuni, yenye vitanzi viwili, sisemi mengi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwaonyesha watu wazima 25 maumbo manne wachague lililo sahihi, na ni 7 tu waliopatia. Nilijaribu kuichora mwenyewe nikageuza mkia upande usio wake.

Mtoto hakungoja nimalize kufikiri. Alichukua penseli, akaandika “baba” taratibu, a ya kwanza ikiwa na kofia na ya pili bila kofia. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa kidogo. “Hapa baba anatoka,” alisema, “na hapa amerudi, kofia ameshaitundika.”